Majira ya baridi Japani, ndani ya nyumba: mwongozo kamili kutoka siku fupi hadi kumfukuza zimwi

Mwaka wangu wa kwanza Japani, asubuhi ya tarehe 1 Januari, nilivaa koti nikatoka kwenda kuutafuta mwaka mpya. Nilikuwa nimezoea Dar: fataki, honi, watu barabarani mpaka alfajiri. Mji wangu mdogo wa Saitama, kaskazini mwa Tokyo, ulikuwa kimya kama mtaa wenye msiba. Duka la mboga limefungwa, benki imefungwa, kinyozi kafunga. Nilipata mkate kwenye duka la saa 24, nikarudi kuula peke yangu, nikiamini kwamba watu hawa hawana sikukuu.

Kumbe sikukuu ilikuwa ikiendelea kwa jirani, upande wa pili wa ukuta. Walikuwa wameianza wiki tatu nyuma, nami sikuona lolote kwa sababu nilikuwa nikiangalia barabarani. Kwa hiyo mwongozo huu ni kwa mwanafunzi, mfanyakazi, mfanyabiashara wa magari yaliyotumika, au aliyeolewa au kuoa huko: nini kifanyike nyumbani, tarehe gani, kwa utaratibu gani. Mambo mengi ya majira haya ni mepesi na hayana gharama. Ugumu wake ni tarehe tu.

Anza na kalenda, vinginevyo hutaelewa kitu

Hadi 1872 Wajapani walifuata kalenda iliyochanganya mwezi na jua, na mwaka mpya wao uliangukia kati ya mwishoni mwa Januari na katikati ya Februari, mimea ikikaribia kuchipua. Tarehe 1 Januari 1873 serikali ya mfalme Meiji ikahamia kalenda hii tunayotumia sote. Sikukuu ya mwaka mpya ikahamia nayo, ikaangukia kwenye baridi kali. Ndiyo maana kadi za Januari bado husema "karibu majira ya kuchipua" huku nje maji yameganda, na ndiyo maana tarehe 7 Januari watu hula majani machanga ambayo zamani yaliota yenyewe shambani siku hizo, lakini leo hutoka kwenye nyumba za kuoteshea mimea.

Mtu wa Unguja hili halimsumbui. Mwaka Kogwa wa Makunduchi huja Julai, na hakuna anayeshangaa kwamba kalenda ya ukutani inasema jingine.

Mapema Desemba: kadi, maana posta haina subira

Kadi za mwaka mpya, *nengajō*, huanza kuuzwa karibu na mwanzo wa Novemba. Posta huzipokea kuanzia tarehe 15 Desemba, huzihifadhi, kisha huzisambaza zote kwa pamoja asubuhi ya tarehe 1 Januari. Ukitaka yako iwemo kwenye mzigo huo, itumbukize sandukuni kabla ya tarehe 25 kupita. Gharama ya kutuma kadi moja ni yeni 85 tangu Oktoba 2024. Ukitumia kadi ya kawaida badala ya ile maalumu, andika 年賀 kwa wino mwekundu chini ya stempu, la sivyo itapelekwa Desemba hiyo hiyo na utaonekana mtu wa haraka. Vijana wameziacha, wanatumiana salamu kwa simu. Lakini mwalimu wako, bosi wako na mwenye nyumba wako wataifurahia.

Kabla hujaandika hata jina moja, pitia barua ulizopokea Novemba. Familia iliyofiwa mwaka huo hutuma mapema kadi ya rangi ya kijivu au zambarau hafifu, mara nyingi yenye picha ya maua, kuarifu kwamba wako kwenye *mochū*, yaani matanga, na mwaka huu hawatapeana pongezi. Mtu huyo hatumiwi kadi ya mwaka mpya.

Mimi nilipokea kadi ya namna hiyo kutoka kwa mama mwenye nyumba. Nikaona maua, nikadhani ni salamu, nikaibandika kwenye friji. Kisha nikamtumia kadi nyekundu na dhahabu yenye mnyama wa mwaka anacheka. Hakusema neno. Mwenzangu wa kazini ndiye aliyekuja kunisomea ile ya kwenye friji: mumewe alikuwa amefariki msimu wa majani kupukutika. Njia ya kujisahihisha ipo, nami niliitumia. Kuanzia tarehe 8 Januari hadi siku za mwanzo za Februari, siku moja kabla ya kile wanachokiita mwanzo wa majira ya kuchipua, hutumwa *kanchū mimai*, kadi ya kujuliana hali wakati wa baridi. Haina neno la pongezi, haina nyekundu wala dhahabu. Nikamwandikia hiyo, kwa mwandiko wangu mbovu. Alinijibu kwa chungwa sita mlangoni.

Na salamu ya mdomo ina mpaka wake. Hadi usiku wa tarehe 31 unaagana na mtu kwa *Yoi otoshi o*, umalize mwaka vizuri. *Akemashite omedetō gozaimasu*, hongera mwaka umefunguka, ni ya baada ya saa sita usiku. Ukiitamka Desemba ni kama kumpa mtu mkono wa Idi siku ya mwezi 28.

Tarehe 21 au 22 Desemba: siku fupi na maji ya yuzu

Hii ndiyo *tōji*, siku fupi kuliko zote. Tokyo jua huchomoza saa moja kasoro dakika chache na kuzama saa kumi na nusu jioni. Kwa mtu aliyezaliwa karibu na ikweta, jioni hiyo inaumiza moyo. Ukiwa kazini hulioni jua likitua. Dawa yao ni maji ya moto yenye yuzu, tunda la jamii ya ndimu, la manjano, ngozi yake ina mabonde na harufu yake hujaza nyumba. Nyumba za kuogea za umma za zamani, *sentō*, ndizo zilizoieneza desturi hii, na watu hupenda kusema kuna mchezo wa maneno ndani yake: *tōji* ya siku fupi na *tōji* ya kujitibu kwa maji ya moto hutamkwa sawa.

Fanya hivi. Nunua yuzu tano au sita siku mbili tatu kabla, kwa sababu jioni ya siku yenyewe rafu huwa tupu. Zioshe vizuri. Jaza hodhi la kuogea, *ofuro*, maji ya nyuzijoto 40 hivi. Tia yuzu nzima. Ukitaka harufu kali, kata mbili katikati uzifunge kwenye mfuko wa wavu ili mbegu zisisambae, ila ujue kwamba maji ya yuzu iliyokatwa huwasha ngozi nyepesi, hasa ya watoto na ya mtu aliyetoka kunyoa.

Kisha oga. Ndiyo, oga kwanza: kaa kwenye kigoda nje ya hodhi, jisugue kwa sabuni, jisuuze mpaka povu liishe, ndipo uingie. Hodhi si la kuondolea uchafu, ni la kukaa na kupasha mwili joto, na maji yale yale yatatumiwa na kila mtu wa nyumba. Ukitoka usiyamwage. Mgeni ndiye hupewa zamu ya kwanza, na hakuna aibu kubwa kuliko kusikia maji yakigugumia kwenye bomba wakati baba mwenye nyumba anasubiri na taulo begani.

Jambo moja la afya. Nyumba nyingi za Kijapani hupasha joto chumba ulichomo tu. Ujia na chumba cha kuvulia nguo hubaki baridi kama nje. Kuvua nguo kwenye baridi hiyo kisha kujitumbukiza kwenye maji ya moto hupandisha na kushusha shinikizo la damu kwa ghafla, na wazee hupoteza maisha hivyo kila majira ya baridi. Washa hita ndogo kwenye chumba cha kuvulia nguo dakika kumi kabla, na usikae majini zaidi ya dakika kumi. Kama unatumia jiko la mafuta ya taa sebuleni, fungua dirisha kidogo kila saa.

Chakula cha siku hiyo ni boga, *kabocha*. Huvunwa kiangazi na kukaa miezi bila kuoza, kwa hiyo zamani lilikuwa mboga ya mwisho yenye nguvu ndani ya nyumba. Jina lake jingine ni *nankin*, na hapo ndipo penye siri: vyakula vyenye sauti ya "n" mara mbili huaminika kuvuta bahati. Karoti ni *ninjin*, mzizi wa yungiyungi ni *renkon*. Mapishi rahisi kuliko yote huitwa *itokoni*: chemsha kunde nyekundu ndogo za azuki mpaka zilainike, tia vipande vya boga, sukari kidogo, chumvi au matone ya sosi ya soya, funika mpaka boga lilegee. Mpishi wa boga la nazi atajiona yuko nyumbani, ingawa nazi yenyewe hakuna.

Krismasi ipite haraka, kama wao wanavyoipitisha. Tarehe 25 Desemba ni siku ya kazi. Wapenzi hutoka, familia hununua keki ya krimu na stroberi, na wengi huagiza kuku wa KFC, mazoea yaliyotokana na kampeni ya matangazo ya 1974. Mkristo anayetaka ibada atafute kanisa lake mapema na aombe ruhusa kazini.

Tarehe 26 hadi 30: usafi mkuu, halafu mapambo

*Ōsōji* ni usafi ambao mwenyewe ungeuita wa kuamkia sikukuu, ila wao hufika hadi nyuma ya friji, kwenye feni ya jikoni na vioo vya madirisha. Nia yake ni kumtayarishia mahali *toshigami*, mungu wa mwaka, ambaye kwa imani yao huingia katika kila nyumba Januari. Kanuni ni juu kwenda chini, ndani kwenda nje. Anza na feni ya jikoni kwa sababu mafuta yake ya mwaka mzima huhitaji kulowekwa.

Kinachowakwamisha wageni ni takataka. Gari la taka husimama siku za mwisho wa mwaka na kurudi karibu tarehe 4 Januari. Tarehe kamili imeandikwa kwenye kalenda ya taka ya mji wako. Godoro, kabati na baiskeli huhitaji kuwekewa miadi na kulipiwa, na Desemba miadi hujaa. Piga simu mwanzoni mwa mwezi. Mjini kwangu ofisi za serikali zilifungwa tarehe 29 hadi tarehe 3 Januari, na benki tarehe 31 hadi tarehe 3, basi toa fedha taslimu mapema, utazihitaji.

Mapambo ni matatu. *Kadomatsu*, matawi ya msonobari na mianzi iliyokatwa mshazari, huwekwa mlangoni. Kwenye nyumba ya kupanga tawi moja la msonobari lililofungwa karatasi linatosha. *Shimekazari*, kamba ya majani ya mpunga iliyosokotwa, huning'inizwa juu ya mlango. Ndani huwekwa *kagami mochi*: vidonge viwili vya mochi, kikubwa chini na kidogo juu, na chungwa chungu la *daidai* kileleni, kwa sababu *daidai* pia hutamkwa kama "kizazi hadi kizazi".

Mochi ni mchele wa kunata uliopikwa kwa mvuke kisha ukatwangwa kwenye kinu kwa nyundo ya mti. Nilipoona kinu kwa mara ya kwanza kwenye uwanja wa shule ya mtaani niliomba zamu, na wazee wakashangaa mgeni anajua kutwanga. Sikuwaambia kwamba kinu chao kilinishinda: mmoja hupiga, mwingine hugeuza donge kwa mkono mtupu kati ya pigo na pigo, na kama hamna mdundo mmoja vidole vitaondoka.

Tarehe ya kuweka mapambo ni 28, au 30. Tarehe 29 huepukwa kwa sababu tisa, *ku*, hutamkwa kama mateso. Tarehe 31 ni mwiko zaidi: huitwa pambo la usiku mmoja, na linafanana na matayarisho ya mazishi.

Tarehe 31 Desemba: tambi, kengele na kulala usingizi wa mang'amung'amu

Jioni ya *ōmisoka* familia hukaa miguu ikiwa chini ya *kotatsu*, meza fupi yenye hita na blanketi, wakitazama televisheni na kumenya machenza. Usiku huliwa *toshikoshi soba*, tambi za kuvukia mwaka. Ni ndefu, kama umri unaotakiwa, na hukatika kirahisi kuliko tambi nyingine, kwa hiyo mabaya ya mwaka yakatike nazo. Zimalize kabla ya saa sita usiku. Kuzivusha mwaka ni nuksi.

Kuzipika: chemsha supu ya mwani mkavu wa *kombu* na vipande vya samaki mkavu wa *katsuobushi*, ongeza sosi ya soya. Chemsha tambi kwenye maji mengi mbali na supu, zisuuze kwa maji baridi, zitie bakulini, mimina supu ya moto, nyunyiza vitunguu vya majani. Muislamu ajue kwamba supu za dukani kwa kawaida huwa na *mirin*, mvinyo mtamu wa mchele, na hata baadhi ya sosi za soya zimeongezwa alkoholi. Soma kibandiko, tafuta herufi 酒精 na アルコール. Na kama hujawahi kula soba, onja kidogo kwanza. Mzio wake unaweza kuwa mkali sana.

Karibu na saa sita mahekalu ya Kibudha hupiga kengele mara 108, idadi ya tamaa zinazomsumbua binadamu kwa mafundisho yao. Kwenye hekalu la Chion-in, Kyoto, kengele ya 1636 ina uzito wa tani 70 hivi, na watawa 17 huvuta kamba kwa pamoja kuipiga. Mahekalu madogo ya mitaani huruhusu watu wa kawaida kupanga foleni na kupiga pigo moja moja. Tafuta hilo dogo.

Kaskazini, kwenye rasi ya Oga mkoani Akita, usiku huu una sura nyingine kabisa. Wanaume waliovaa makoti ya majani makavu na vinyago vya kutisha, *Namahage*, huingia majumbani wakinguruma: kuna mtoto anayelialia hapa? kuna mvivu? Baba mwenye nyumba huwakaribisha kwa sake, pombe ya mchele, na kuwatetea wanawe. UNESCO iliiweka desturi hiyo kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2018, pamoja na nyingine za aina yake nchini humo.

Tarehe 1 hadi 3 Januari

Huliwa *osechi*, chakula kilichopangwa kwenye masanduku ya kupandishana, kikiwa kimepikwa kabla ili jiko lipumzike siku tatu. Sukari, siki na sosi ya soya ndizo zinazokihifadhi, ndiyo maana mgeni hulalamika kuwa ni kitamu kupita kiasi na kimepoa. Sanduku kamili la duka kubwa hugharimu makumi ya maelfu ya yeni na huagizwa kuanzia mwanzoni mwa msimu wa majani kupukutika. Mimi sinunui. Nanunua vitu vitatu vinne vya rejareja na kuvipanga mwenyewe. Kila kimoja kina maana yake: maharage meusi, *kuromame*, kwa sababu *mame* ni pia mtu mzima wa afya na mchapakazi, mwani uliokunjwa, *kobumaki*, ndani ya neno *yorokobu*, kufurahi, kamba kwa mgongo wao uliopinda kama wa mzee, mayai ya samaki kwa wingi wa watoto. Ninachokipenda zaidi ni *tazukuri*, ambao si chochote ila dagaa wakavu waliokaangwa na kupakwa sukari na sosi ya soya. Jina lake maana yake "mtengeneza shamba la mpunga", kwa sababu samaki hao walikuwa mbolea. Mtu wa Mwanza au Kigoma atawamaliza kabla ya kusikia maelezo.

Supu ya siku hiyo ni *ozōni*, na hapa Wajapani hugawanyika kama sisi na pilau. Upande wa Tokyo mochi ni ya mraba, huokwa, huingia kwenye supu nyepesi ya kuku. Upande wa Kyoto na Osaka ni ya duara, huchemshwa ndani ya supu ya miso nyeupe, yaani rojo la soya iliyochachushwa. Kagawa huweka mochi yenye kunde tamu ndani ya miso hiyo. Ukialikwa, kula ya nyumba hiyo na usitaje ya jirani.

Mochi huua. Sisemi kwa utani: kila Januari wazee hupelekwa hospitali wakiwa wamekabwa. Ikate vipande vidogo, lowesha koo kwa supu kwanza, tafuna mpaka iishe ndipo umeze, na usimwache mzee au mtoto ale peke yake. Mtu akikabwa, mwinamishe na umpige kwa nguvu kati ya mabega, huku mwingine akipiga simu 119.

Watoto hupewa *otoshidama*, fedha ndani ya bahasha ndogo. Noti ziwe mpya, zikunjwe sehemu tatu uso wa mbele ukiwa ndani. Wengi hutoa yeni 1,000 kwa mdogo asiyeanza shule, 3,000 hivi kwa wa msingi, 5,000 na kuendelea kwa wakubwa. Epuka kiasi chenye nne, kwani *shi* ni kifo pia. Mgeni hana wajibu, ila ukialikwa nyumba yenye watoto nenda na bahasha.

Kisha ziara ya kwanza ya hekaluni, *hatsumōde*. Meiji Jingū ya Tokyo hupokea watu wapatao milioni 3 kwa siku hizo tatu, na foleni yake ni ya saa nyingi. Hekalu la mtaani lina robo saa. Utaratibu kwenye hekalu la Kishinto, dini ya jadi ya Japani:

1. Inama mara moja kwenye lango la *torii*, pita pembeni. Katikati ni njia ya mungu wao.
2. Kwenye birika chota maji mara moja tu kwa kata. Nawa mkono wa kushoto, kisha wa kulia, mimina kidogo kwenye kiganja cha kushoto usukutue, nawa tena wa kushoto, simamisha kata ili maji yaliyobaki yaoshe mpini. Usiweke mdomo kwenye kata.
3. Tia sarafu. Yeni 5 hupendwa kwa sababu *go-en* ni pia uhusiano mwema.
4. Inama mara mbili, piga makofi mawili, omba kimya, inama mara moja. Kwenye hekalu la Izumo makofi ni manne. Kwenye hekalu la Kibudha makofi hayapigwi kabisa.

Ambaye dini yake haimruhusu hahitaji kujieleza sana. Simama kando, subiri wenzako, kula *takoyaki*, vitumbua vya pweza, za kwenye vibanda, tembea nao. Nimefanya hivyo miaka yote na sijawahi kuulizwa. Karatasi ya bahati, *omikuji*, huuzwa yeni 100 au 200. Ikiwa mbaya hufungwa kwenye waya uliowekwa hapo hapo, ibaki nyuma.

Tarehe 7, 11 na 15

Baada ya mlo mzito, tumbo hupewa uji wa mchele wenye majani saba, *nanakusa-gayu*. Pakiti iliyokwisha kuchanganywa huuzwa kuanzia tarehe 5 hivi. Kikombe kimoja cha mchele, vikombe saba vya maji, moto mdogo dakika 40, majani yaliyochemshwa kidogo na kukatwakatwa huingia mwishoni na chumvi. Upande wa Tokyo mapambo ya mlangoni hutolewa siku hii. Kyoto na Osaka husubiri tarehe 15.

Tarehe 11 ndiyo *kagami biraki*: kile kidonge cha mochi, ambacho sasa kimekauka na kupasuka, huvunjwa kwa nyundo na kuliwa ndani ya uji mtamu wa azuki. Usitumie kisu. Desturi ilikua katika nyumba za samurai, na kwao kukata kwa kisu kulikumbusha kujipasua tumbo. Hata neno "kuvunja" huepukwa, husemwa "kufungua".

Tarehe 15 au karibu yake, mapambo ya mtaa mzima huchomwa kwenye moto mkubwa wa *dondoyaki*. Toa plastiki zote kwanza. Watu huleta mochi kwenye fimbo ndefu na kuichoma kwa makaa yake, kinga ya maradhi mwaka mzima. Kwa wengi wetu hii ndiyo siku ya kwanza majirani kusimama pamoja nje na kuzungumza, nyuso zikiwa na joto na migongo ikiwa barafu. Nenda.

Tarehe 3 Februari: zimwi nje

*Setsubun* ni mkesha wa mwanzo wa majira ya kuchipua kwa hesabu ya jua, kwa hiyo ni ule mkesha wa zamani uliobaki mahali pake mengine yalipohama. Mara chache huwa tarehe 2, kama ilivyokuwa 2021 na 2025.

Nunua soya zilizokaangwa, *fukumame*. Zisiwe mbichi: punje iliyoachwa sakafuni ikiota ni balaa. Mtu mmoja, kwa kawaida baba, huvaa kinyago cha karatasi kinachotoka na pakiti. Giza likiingia fungua dirisha, tupa kiganja nje ukipaza sauti *Oni wa soto!* zimwi nje, funga haraka, tupa kingine ndani, *Fuku wa uchi!* heri ndani. Anza na chumba cha ndani kabisa, malizia mlangoni. Kisha kila mtu ale punje kwa hesabu ya umri wake, wengine huongeza moja. Watoto wa miaka 5 kushuka chini wasipewe, punje kavu huingia kwenye njia ya hewa. Wape pakiti ndogo ambazo hazijafunguliwa wazirushe hivyo hivyo. Nyumba za kizamani hutundika mlangoni tawi la mti wa miiba lililochomekwa kichwa cha dagaa wa kuchoma, harufu na miiba vimkimbize zimwi.

Halafu kuna *ehōmaki*, wali mnene uliosokotwa kwa mwani, usiokatwa, huliwa kimya bila kusita huku umetazama upande wenye heri. Ulitoka Osaka, ukaenea nchi nzima miaka ya 1990 kwa nguvu ya maduka ya saa 24. Naona ni biashara zaidi ya desturi, lakini watoto wanapenda kuona watu wazima wamenyamaza. Upande hutegemea tarakimu ya mwisho ya mwaka: 4 au 9, mashariki iliyoegemea kaskazini, 0 au 5, magharibi iliyoegemea kusini, 2 au 7, kaskazini iliyoegemea magharibi, iliyobaki yote, kusini iliyoegemea mashariki. Simu yako ina dira.

Fagia usiku huo huo, kabla hujalala. Nasema kwa uzoefu: Desemba iliyofuata nilisogeza friji kwa ajili ya usafi mkuu, nikakuta soya kumi na moja, kavu kama kokoto, na kadi ya maua ya kijivu iliyokuwa imedondoka.